Robo Ratili Kwenye Gurudumu

Pantaleo fundi aliwachosha watu wa Ifakara kwa jambo moja: hakuwa na jibu la kueleweka. Ulimpelekea baiskeli inayolia, kesho yake ukaikuta imenyamaza, ukamwuliza ilikuwa na nini, akakwambia ilikuwa inadai chakula chake. Jirani yako naye akapeleka ya kwake, ugonjwa ule ule, akaambiwa baiskeli imekumbuka kwao. Na hayo yote Pantaleo aliyasema kwa uso mkavu, macho yakiwa kwenye spana, hata mtu hujui ucheke au uchukue chako uondoke. Wengine walisema ana maringo. Wengine walisema vita vilimvuruga kichwa. Wote walikosea. Mtu yule alikuwa anaficha kazi yake, basi, kama mama anavyoficha mbegu za mwakani panya wasizione.

Tabia hiyo aliitoa Burma. Alikwenda huko na Keya, jeshi la Mwingereza, akapangwa karakana ya jeshi chini ya mzee mmoja wa Kihindi ambaye hakumfundisha mtu kitu. Mzee yule kila alipofika penye siri ya kazi alikugeuzia mgongo. Pantaleo alijifunza kwa kuchungulia chini ya kwapa la yule mzee, miezi kumi na minne, akipigwa viwiko vya mbavu. Aliporudi mwaka wa arobaini na sita, akajenga kibanda chake kando ya barabara iendayo kivukoni, akaapa kwamba na yeye hatamwambia mtu. Ufundi hauombwi, alisema, ufundi unaibwa kwa macho. Mimi nilitokwa na jasho, na wao watokwe.

Sasa umjue na Hermenegildi, maana bila yeye hakuna habari. Huyu alikuwa dresa wa zahanati, mwanamume mnene, mwenye kicheko kinachosikika kabla mwenyewe hajafika. Watoto walimwogopa kwa ajili ya sindano na wakamfuata nyuma hivyo hivyo. Kazi yake ilikuwa kuvuka mto kupeleka dawa Lupiro, na mara mbili kwa mwezi mpaka Malinyi, na kazi hiyo aliifanya kwa baiskeli miaka sita, tope likijaa anabeba baiskeli badala ya baiskeli kumbeba yeye. Ndipo mwaka wa hamsini na sita Mzungu mmoja wa mambo ya pamba akarudi kwao, akaiachia zahanati pikipiki yake kuukuu. Hermenegildi aliipokea kama aliyeletewa mchumba.

Haukupita mwezi, kisiki kikachana tairi la mbele karibu na Lupiro. Tairi jipya lilitakiwa kuagizwa Dar es Salaam, na kuagiza Dar es Salaam siku hizo ilikuwa sawa na kuandika barua mbinguni. Pantaleo akalishona. Alikata kipande kinene cha tairi la lori, akakiweka kwa ndani kama kiraka, akakishonea kwa waya mwembamba, mpira wa ndani ukakaa salama. Tairi likashika upepo. Lakini pikipiki ikawa si ile. Ukienda polepole hakuna neno. Ukiongeza mwendo kidogo tu, gurudumu la mbele linaanza kudunda, usukani unatetemeka, mpaka meno ya Hermenegildi yanagongana.

Meno ni yake, angevumilia. Shida ilikuwa chupa. Dawa ya maji ya watoto ilikaa kwenye chupa za kioo, chupa kwenye sanduku la mbao, sanduku nyuma ya pikipiki, na hata uzizungushie majani namna gani, zilivunjika. Chupa kumi na mbili zilitoka Ifakara, tano zikafika Malinyi. Siku moja alifungua sanduku mbele ya kina mama waliongoja tangu juzi yake, dawa ikawa inachuruzika chini ya vidole vyake, na mama mmoja akakinga kiganja, akamlambisha mwanawe. Hermenegildi alirudi na habari hiyo mpaka kibandani kwa Pantaleo, akakaa juu ya gogo, mtu mzima yule, akalia.

Pantaleo akalivua gurudumu. Akakaza njiti, akapima rimu, rimu haikupinda. Akatazama ekseli, ekseli nzima. Akakwama. Alikaa nalo siku mbili bila kumwambia mtu kwamba amekwama, na siku ya tatu ndipo akamkumbuka mzee wa Kihindi na kile alichokifanya akiwa amempa mgongo. Akachomeka visu viwili kwenye magogo, makali juu, akalaza ncha mbili za ekseli juu ya makali yale, gurudumu likaning'inia katikati. Hakuligusa. Likazunguka lenyewe, polepole, likasimama, kile kiraka kikiwa chini kabisa. Akakipandisha juu, akaachia. Kikashuka tena. Akalala upande, akalitazama kwa jicho moja, akatabasamu peke yake.

Hermenegildi aliposhuhudia hilo alipigwa na butwaa. Kitu cha mviringo, alisema, kumbe nacho kina upande wa kulalia? Alilizungusha mara nane, mara kumi, likashuka pale pale, akarudi nyuma kama aliyeona gurudumu linapumua. Pantaleo alichukua risasi, madini yale mazito ambayo wavuvi hufungia nyavu zao zizame, akaiyeyusha kwenye mkebe, akaimimina kipande kwa kipande, akipima upande ule uliokabili kiraka. Ilipofika robo ratili hivi, gurudumu likatulia. Ukiliacha juu linakaa juu, ukiliacha kando linakaa kando. Akaifunga ile risasi kwenye njiti kwa waya unaong'aa, akausokota mara tatu, akaupiga nyundo. Baada ya hapo akamtaka rafiki yake aape, tena kwa jina la mama yake aliyelala kaburini, kwamba hatamwambia mtu alichokiona. Hata mkewe. Hermenegildi akaapa. Mtu ambaye chupa zake zitapona, atakataa kuapa kwa nini?

Na zilipona. Kumi na mbili zilitoka, kumi na mbili zikafika. Safari ya kwanza tu, alisimama Lupiro akafungua sanduku, akafunga, akafungua tena, hakuamini. Pikipiki iliteleza barabarani kama mtumbwi kwenye maji yaliyotulia. Mwendo aliokuwa anauogopa sasa akauzoea, halafu akaupenda. Watu wa mashambani walisikia mlio, wakainua kichwa, wakaona vumbi tu. Mkewe Apolonia alimwonya apunguze, naye akamjibu kwamba pikipiki haina neno, imetibiwa.

Watu wakaanza kuuliza, bila shaka. Waya ule uling'aa, na kila pikipiki ikisimama watu waliinama kutazama kile kidonge cha kijivu kilichofungwa kwenye njiti. Hapo Pantaleo alipata raha ambayo hajawahi kuipata. Mwalimu mmoja aliambiwa kwamba ni mhuri wa jeshi. Mama muuza vitumbua aliambiwa ni dawa ya nyoka. Huyu akaambiwa hili, yule lile, na kesho yake mwenyewe hakumbuki alimwambia nani nini. Wakipita alicheka chinichini, akaendelea kupiga tupa.

Kivukoni alikuwako Marselino, mmoja wa wanaume wanaovuta kamba ya pantoni. Ukoo wake na ukoo wa Hermenegildi ni watani tangu kwa mababu, na hapa nisikize vizuri, maana siku hizi watu wanadhani utani ni kuchekeshana tu. Mtani anachukua kofia yako mchana kweupe, na huna ruhusa ya kununa, unaikomboa kwa kumpa kitu. Mtani ndiye anayechimba kaburi lako. Mtani ndiye anayekuja msibani kwako kukucheka na kukuigiza, mkeo analia na kucheka pamoja, na hakuna wa kumkasirikia. Anayemkasirikia mtani amevunja kitu ambacho hakukiunda yeye. Marselino na Hermenegildi waliufanya utani huo kwa bidii kuliko watu wengine wote. Mwaka ule ule, Hermenegildi alikuwa ameondoka na kaptula ya Marselino iliyoanikwa, akairudisha kwa kibuyu cha togwa. Zamu ilikuwa ya Marselino, na kila mtu alijua hivyo.

Ilikuwa Jumanne, mwezi wa tisa, mwaka wa hamsini na saba. Hermenegildi alivuka asubuhi na sanduku lake, anakwenda Malinyi. Kabla ya saa sita lori la mpunga likarudi kivukoni kutoka upande wa Lupiro, limembeba nyuma, amefunikwa turubai, na pikipiki pembeni yake.

Kuna misiba ambayo watu wanapiga kelele, na kuna ule ambao mtu anaambiwa, anauliza nani, anaambiwa tena, anauliza tena nani. Wanawake waliokuwa wanatoka kisimani walieleza walichokiona. Alikuwa anakuja kwa kasi, anaimba, na walimsikia anaimba. Mara gurudumu la mbele likaanza kutikisika, usukani ukawa unakwenda huku na huku kama kichwa cha mtoto anayekataa dawa, yeye anaung'ang'ania, halafu pikipiki ikaruka tuta, ikaingia kwenye mti. Hakukuwa na mbuzi barabarani, hakukuwa na mtu. Barabara ilikuwa kavu, nyeupe, tupu. Shingo ilivunjika, na kati ya chupa zote iliyopasuka ni moja.

Pantaleo alikwenda zahanati, ambako pikipiki ilikuwa imeegemezwa ukutani. Alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye njiti za gurudumu la mbele, njiti moja baada ya nyingine. Akafika mahali pake. Hakuna kitu. Palikuwa na alama safi tu, mahali ambapo vumbi halikuwahi kukaa, pana kama vidole viwili. Akapitisha kidole tena, akarudia tena, kana kwamba risasi ile ina aibu na itatokea akiibembeleza. Akakaa chini kwenye mchanga wa zahanati, watu wanampita.

Tangu saa ile alikuwa na swali moja tu maishani: waya uliofunguka, ulifunguka kwa mkono wake? Aliusokota mara tatu, au siku ile waya ulikuwa mfupi akasokota mbili? Alipiga nyundo, au alidhani amepiga? Kila alipokumbuka aliona vingine. Alikumbuka tatu, akakumbuka mbili, akakumbuka akiwa anazungumza huku anafunga. Chakula alichowekewa hakukigusa. Kama fundo lilikuwa lake, basi rafiki yake amekufa kwa uzembe wake, na hakuna mahakama itakayomhukumu, atakaa na jambo hilo mpaka naye afukiwe. Hakumwambia mtu, hata mkewe Theodosia, aliyemwona anavyosokota hewa kwa vidole na akadhani ni huzuni.

Na Eustaki hakumsaidia. Huyu ni kaka mkubwa wa marehemu, mtu wa maneno machache na hasira ndefu. Alisimama uani kwa mdogo wake akasema, bila kutaja jina, kwamba aliyeligusa gurudumu lile mara ya mwisho anajulikana, na nyumba yake inajulikana. Maneno hayo yalifika kibandani kabla jasho la msemaji halijakauka. Theodosia akamsihi mumewe asiende mazikoni. Pantaleo akavaa shati lake la Jumapili. Kutokwenda, alimwambia, ni kusema ndiyo.

Uani kwa marehemu walimpisha njia pana kuliko inavyotakiwa. Alikaa kwenye ncha ya mkeka, hakuna aliyekaa karibu yake. Jeneza lilikuwa limewekwa chini ya kivuli cha upenuni, padri alikuwa bado hajafika, kina mama wanaimba taratibu, Apolonia katikati yao, macho yamevimba. Ndipo akaingia Marselino.

Alikuwa amejaza nguo tumboni mpaka shati linataka kukatika vifungo. Macho yake yalikuwa mekundu kuliko ya wafiwa, kwa sababu ni yeye aliyelivusha lile lori, na ni yeye aliyetoka kuchimba kaburi tangu alfajiri. Lakini kazi ni kazi. Akavuta kinu, akakilaza, akakikalia kama pikipiki, akashika mchi kuwa usukani, akaanza kuunguruma kwa mdomo. Akakohoa kama Hermenegildi. Akasimamisha kinu kila mahali kumsalimia kila mwanamke mwenye chapati, kama Hermenegildi. Akashuka, akasukuma kinu kwenye tope, akahema, akaomba maji, akapewa, akamwuliza aliyempa kama hana pia kipande cha samaki. Watu walianza kuguna, halafu wakacheka, na waliocheka zaidi ndio waliolia zaidi. Apolonia alijifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika, hujui ni kilio au ni kicheko. Mpaka Eustaki alitoa pumzi puani. Pantaleo peke yake hakusikia kitu, alikuwa anasokota vidole vyake.

Marselino alipoona wamechangamka, akainuka, akaliendea jeneza, akaligonga kwa kidole. Akatia mkono mfukoni.

"Mnamjua mtani wangu alivyo bahili," alisema. "Jana nimemchukulia urembo wake pale pantoni, yeye anapiga soga na abiria wenzake. Nikasema akirudi ataukomboa kwa jogoo. Ameona bora afe kuliko kutoa jogoo."

Akakiinua juu, wote wakione. Watu wakaangua kicheko.

Pantaleo akainua macho. Kilikuwa ni kile kidonge cha kijivu, na waya wake juu yake, waya unaong'aa. Jua lilikipiga. Kutoka mahali alipokaa aliweza kuhesabu, na akahesabu: moja, mbili, tatu. Misokoto mitatu, imepigwa nyundo, imelala kama alivyoilaza, haikulegea hata unywele. Waya ulikuwa umekatwa kwa koleo upande wa pili, mkato safi. Fundo lake lilikuwa zima.

Sijui nikueleze vipi kilichompata. Mtu aliyebebeshwa jabali tangu jana, likaondolewa kwa mara moja, anapaa. Alisikia furaha, ndiyo, mazikoni kwa rafiki yake alisikia furaha, ikampanda mpaka kooni, na kabla hajajua yuko wapi alikuwa amesimama, mkono umenyooka.

"Hiyo ndiyo iliyokuwa inashika gurudumu!" alisema. "Wewe ndiye umemwua."

Kicheko kilikatika. Na Pantaleo, ambaye kwa miaka kumi na moja hakumweleza mtu hata namna ya kujaza upepo, sasa akaeleza. Yalimtoka kama maji yaliyobomoa tuta. Alieleza kiraka cha tairi la lori, uzito wake, jinsi gurudumu linavyolalia upande mmoja, jinsi mwendo unavyouzidisha ule uzito, jinsi robo ratili ya risasi upande wa pili inavyoutuliza, na kwamba ukiiondoa pikipiki inakwenda vizuri mpaka ukimbie, na ukikimbia inakuua. Alionyesha kwa mikono. Alisogea mbele ili waliokaa nyuma wasikie. Mpaka muuza vitumbua alielewa. Hakuna somo lililopata kueleweka Ifakara kama lile, na alilitoa juu ya jeneza.

Marselino alikuwa bado ameinua mkono. Aliushusha polepole, akaitazama ile risasi kwenye kiganja, na ile nguo tumboni ikaanza kuteremka chini ya shati lake, hakuishika. Eustaki akainuka. Akaanza kutembea, na wanaume wawili waliomshika mikono aliwaburuta. Mtani hakasirikiwi, kila mtu pale alilijua hilo, na kila mtu aliona kwamba Eustaki amelisahau.

Marselino hakukimbia. Wala hakumtazama Eustaki. Alimtazama Pantaleo, na aliposema hakusema kwa ugomvi, alisema kama mtu anayeuliza njia.

"Fundi, mimi nilikuuliza. Nilimwuliza kwanza yeye, akaniambia hawezi kusema, nikakuulize wewe. Nikaja mpaka kibandani kwako, nikakuuliza kina kazi gani, kwa sababu mtani hachukui kitu chenye kazi. Ukaniambia ni urembo."

Na ni kweli, hachukui. Hachukui jembe la mtu wakati wa kulima, wala kafi ya mtu aliye mtoni. Anachukua kofia, anachukua kaptula, anachukua kitu ambacho ukikikosa utacheka. Marselino alikuwa amefuata desturi hatua kwa hatua, amefanya na zaidi, ameuliza kwa wawili.

Pantaleo alifungua kinywa akanushe. Akatafuta kichwani, akatafuta, akapita kwa mwalimu, akapita kwa muuza vitumbua, na huko mwisho akampata Marselino, amesimama mlangoni amevua kofia, anaamkia, anauliza, na yeye Pantaleo ameinamia tupa hata hakuinua kichwa kuona anayemwuliza ni nani. Urembo. Alikuwa amelisema. Na alikuwa amecheka mtu alipoondoka.

Eustaki naye alikuwa amesimama. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, ngumi zimekunjwa, na hakujua tena azipeleke wapi. Padri alikuwa ameshafika langoni, na hakuna aliyemwona.

Apolonia ndiye aliyeinuka. Akajifunga kanga vizuri kiunoni, akamwita binti yake Digna, akamwambia akamkamate yule jogoo mwekundu. Mtoto akamtazama mama yake kama hakusikia. Akaambiwa tena. Basi ukaona jambo ambalo waliokuwako hawajalisahau: jeneza liko pale, watu wamesimama kimya, na mtoto wa marehemu anamkimbiza jogoo chini ya ghala, jogoo anapiga kelele, manyoya yanaruka, hakuna anayecheka na hakuna anayemsaidia. Akamkamata. Apolonia akampokea, akambana mabawa, akaenda mpaka mbele ya Marselino, akampa kwa mikono miwili.

"Mtani, jogoo wako huyu," alisema. "Nipe kitu cha mume wangu."

Marselino alitikisa kichwa. Alirudi nyuma hatua moja. Machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kidevuni, naye ni mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona analia kwa ajili yake mwenyewe. Lakini ukombozi ukiletwa haukataliwi. Ukiukataa umesema kwamba ulichochukua ulikiiba, na utani umekwisha kati yenu, wewe na watoto wako na watoto wao. Apolonia alingoja, jogoo mikononi. Mwishoni Marselino akanyoosha mikono, akapokea, akamwekea ile risasi kwenye kiganja. Apolonia akaifunga kwenye pindo la kanga, akamgeukia Eustaki, akamwambia shemeji, kaa. Eustaki akakaa.

Baada ya hapo mazishi yakaendelea kama mazishi. Padri akasoma. Jeneza likainuliwa, Marselino kwapa moja limebana jogoo, bega la pili limebeba jeneza, na hakuna aliyemwambia ashushe kimojawapo. Pantaleo alisimama karibu na njia, ameshakunja mikono ya shati, akingoja mtu amwite apokezane. Waliita huyu, wakaita yule. Walimpita wote. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemwangalia vibaya, na yale maneno ya Eustaki ya jana hakuna aliyeyarudia, kwa sababu sasa ilijulikana kwamba mikono yake ilifunga vizuri. Ndicho alichokitaka. Alikuwa amekipata mbele ya mji mzima.

Waliporudi makaburini, watu wakinawa, alimngoja Apolonia mlangoni kwake. Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima. Alimwambia kwamba alimpenda Hermenegildi kama ndugu wa tumbo moja. Alimweleza habari za Burma, za yule mzee wa Kihindi na mgongo wake, jinsi alivyopigwa viwiko, na kwamba fundi akitoa siri yake amejitoa mwenyewe chakula mdomoni. Alimwambia hata kuhusu kiapo, kwamba marehemu alikishika mpaka mwisho, hata mkewe hakumwambia. Alisema mengi. Apolonia alimsikiliza mpaka akamaliza, maji yanamdondoka kwenye vidole.

"Ungemwambia tu mtani, fundi," alisema.

Akajifuta mikono, akaingia ndani kwa watoto wake.